Shabu na Majivu

Katika ukoo wa mume wangu, mkamwana hamwelekezi mama mkwe. Ukitaka mama aache jambo, unamwambia mumeo, mumeo anamwambia mama yake, na mambo yanakwisha kwa heshima. Ni utaratibu mzuri sana kwa mwanamke ambaye hakuolewa na Jordan.

Ninafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu, huku Makutupora, kwenye banda nililotandaza maganda ya karanga. Mwaka huu mvua ilipitiliza. Maganda yakalowa, yakashikana na kinyesi, na banda likaanza kutoa ile hewa ya amonia inayochoma pua mpaka machozi yanatoka. Kuku wenyewe walishinda wamefumba macho. Jirani yangu Shamimu, ambaye dirisha la jikoni kwake linatazama banda, alivumilia wee, mwishowe akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti Matonya hakuzungusha maneno. Jumamosi angekuja, na akiikuta harufu ile, kuku wangeondoka. Mimi sina shamba la zabibu wala ajira. Hao kuku ndio wanaonilishia watoto.

Nikamwita Yotham, afisa mifugo wa kata. Akaniambia niondoe maganda yaliyogandamana, niache upepo upite, kisha ninyunyize shabu iliyotwangwa, ileile tunayotulizia maji ya bwawa.

"Shabu ina ukali wake, kama ndimu," akasema. "Inaibana amonia ibaki kwenye kinyesi, isipande hewani. Ila usichanganye na chokaa wala majivu. Hivyo vinaifungulia."

Aliposema majivu nikajua kazi iko wapi. Mama mkwe wangu, bibi Loisi, amefuga kuku wa kienyeji maisha yake yote, na kila asubuhi, kabla sijaamka, humwaga majivu ya jikoni bandani mwangu kuzuia viroboto. Nikamwambia Jordan amwambie mama yake.

"Nitamwambia," akasema, macho yako kwenye simu.

Nikanunua shabu soko la Majengo, nikaitwanga mpaka mabega yakaniuma, nikajifunga kanga puani, nikanyunyiza. Jioni ile harufu ilitulia. Shamimu akachungulia dirishani akasema leo watakula kwa amani. Nililala usingizi mzito.

Kesho yake mchana harufu ikarudi. Nikanyunyiza tena, ikarudi tena. Nikamlaani muuza shabu moyoni, nikaamini kaniuzia chumvi ya mawe. Nikampigia Yotham kumlalamikia na yeye. Akaniuliza kama nina hakika hakuna majivu. Nikamjibu kwa ukali kwamba mume wangu alishalimaliza hilo.

Jumamosi niliamka mapema nikanyunyize mara ya mwisho. Nikamkuta mama mkwe bandani na debe lake, anamwaga majivu taratibu, kona hadi kona, mengi kuliko siku zote.

"Mwanangu, nimesikia mwenyekiti anakuja," akasema. "Nimeongeza, ili pakauke pasinuke."

Nilitaka kulia. "Mama, Jordan hakukwambia kitu?"

"Kuhusu nini?"

Jordan alikuwa amesimama uani, mswaki mdomoni. Akainamisha kichwa. "Nilikuwa natafuta wakati mzuri," akasema. Nikamchoka. Nikauchoka na huo utaratibu wa kupitishia maneno kwa mtu asiyeyafikisha.

Jua lilipopanda mwenyekiti akaja, Shamimu nyuma yake. Alipofika mlangoni mwa banda akatoa leso, akarudi hatua.

"Mama, tulikubaliana," akaniambia. "Jioni waondoke."

Hapo nikasema. Nilisema mbele ya wageni, mbele ya mume wangu na mbele ya mama mkwe mwenyewe: shabu inafanya kazi, ila kila nikinyunyiza, mama anakuja na majivu yake anaifungulia harufu upya. Shamimu akatazama pembeni. Mkamwana hasemi hivyo.

Mama mkwe aliliangalia debe lake. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Matonya, basi harufu ni yangu," akasema. "Niondoe mimi. Kuku waache."

Mwenyekiti, ambaye tangu utotoni amekuwa akimwamkia mama shikamoo, akaikunja leso yake polepole. Akamtazama Shamimu. Shamimu akasema wiki moja anaweza kuvumilia. Tukapewa wiki.

Sikumwomba mama radhi siku ile, kwa kuwa bado nilikuwa na hasira, na aibu ilikuwa imeanza kunipata. Nilizoa maganda yote, nikatandaza mapya, nikanyunyiza shabu. Jordan alikula ugali wake bila wa kuzungumza naye.

Kulipopambazuka wasiwasi ukaniamsha, nikaenda bandani. Mama mkwe alikuwa amekaa nje ya mlango, juu ya debe alilolifudikiza, mikono ameiweka mapajani. Majivu ya jikoni alikuwa ameyamwaga mbali, chini ya mpapai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, na kabla sijauliza neno akaongeza, "Sijaingia."