Nyasi za Florian

Jumatatu ya pili ya Machi, Beata na mama yake Luisa walifika shambani kabla umande haujakauka, wakaweka majembe chini na kuutazama mteremko uliojaa nyasi za kufika kiunoni. Ilikuwa wiki ya ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, na majirani wote walikwishaanza. Kwa Wamatengo kazi hiyo ina mgawanyo wake. Mwanamume anafyeka nyasi, anaziacha zikauke, kisha anazilaza mistari inayokatana, mlima mzima unakuwa kama umetandikwa wavu. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo. Panabaki shimo la kuzuia maji na matuta ya kupandia maharage. Bila nyasi hakuna ngoro, na bila mwanamume, kwa desturi, hakuna nyasi.

Mwanamume wa nyumba hiyo alikuwa Florian, kaka yake Beata, kijana wa miaka ishirini na miwili, na Florian alizikwa Februari. Kwa hiyo alipotokea juu ya mteremko na nyengo yake begani, ile ya kufyekea yenye kichwa kilichopinda, Luisa alishusha pumzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa, baba. Wenzio wamefika mbali."

"Njia ndefu, mama," akasema Florian, akatema mate viganjani, akaanza kufyeka.

Kosa lilikuwa lao, wala hawakulikana. Siku ya kuanua matanga, vifaa vya kazi vya marehemu hugawiwa kwa wajomba na binamu, asiwe na kitu cha kumrudisha. Koti la Florian alipewa binamu yake Wendelin, viatu akapewa mjomba. Nyengo, Beata aliisukumia uvunguni mwa kitanda chake. Akasema haionekani. Mpini wake Florian aliuchonga mwenyewe, ulikuwa umeingia weusi wa jasho lake, na Beata hakuweza kabisa kuuona mkononi mwa mtu mwingine. Basi, kila asubuhi uvungu ulikuwa mtupu, na kila jioni nyengo ilikuwa imerudi mahali pake.

Kifo chenyewe hakikuwa na maajabu yoyote. Zamani, malori yalipokuwa ya chama cha ushirika, fundi Bernadi alilala chini yake kila Jumamosi akikagua breki. Likaja soko huria, chama kikafa, lori moja likanunuliwa na tajiri wa mjini, na fundi Bernadi akarudi kwao kulima. Lori lilipakwa rangi ya bluu ikapendeza kweli. Breki hazikuguswa. Kila Alhamisi liliteremka Mbamba Bay na magunia ya mahindi, Ijumaa likapanda na samaki, watu wakiwa juu ya mzigo, maana usafiri mwingine haukuwepo. Florian alipanda kwa sababu Beata alimwambia, "Niletee usipa wa ziwani, nimekinai maharage." Wakati wa kurudi injini ilizima kwenye kona, lori likarudi kinyumenyume hadi bondeni. Walikufa watu tisa. Baada ya siku kumi lilikuwa limenyooshwa bodi na limerudi barabarani.

Beata aliamini ni yeye aliyemuua kaka yake. Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Kijijini hakuna aliyeshangaa sana. Mwenyekiti Methodi alipita akasema poleni na kazi, Florian akaitikia. Bwana shamba Nathaniel, mtu wa Singida aliyehamishiwa huku, alikuja kuhesabu watu wa kila shamba. Alikuna kichwa, akaandika: nguvukazi watatu, mmoja marehemu. Fomu haikuwa na nafasi ya maneno mengi, kwa hiyo lile la mwisho akalibana pembeni kwa herufi ndogo.

Shida ilianza na barua. Familia za wale tisa ziliandika kuomba lori lizuiwe mpaka litengenezwe. Tajiri akamtuma mwakilishi wake, bwana mpole mwenye suti ya kaunda. Alisoma barua hadi mwisho, akatoka nje, akanyoosha kidole mlimani.

"Mnasema amekufa. Yule pale anayefyeka ni nani?"

Barua ikarudishwa. Familia nane zikamtazama Luisa, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyekuja kwake kuomba hata moto.

Na nyasi zenyewe hazikukauka. Florian alifyeka wiki mbili, akalaza mistari iliyonyooka mpaka unaona raha kuitazama, lakini nyasi zilibaki kijani kibichi. Udongo uliofukiwa juu yake uliteleza na kushuka bondeni. Maharage waliyolazimisha kupanda yaliota meupe, yakasimama siku tatu, yakalala. Msimu wa kupanda ulikuwa unakwisha, na ghalani kulibaki debe moja.

Luisa aliyaona yote hayo, akaendelea kuchimba. Ni mwanawe, angesema nini? Beata ndiye hakutaka hata kuyaona. Kwaya aliacha. Alikula pale tu Florian alipokuwa karibu, na jioni alilala mapema na kuku ili asubuhi ifike upesi.

Siku moja alimpelekea kaka yake maji. Florian alikishika kikombe mkononi, maji hakuyanywa. Beata akatambua kwamba hajawahi kumwona amekaa tangu arudi.

"Kaka, umechoka?"

"Nimechoka, Beata. Nimechoka sana. Kila siku naupanda huu mlima kutoka kule kwenye kona."

"Sasa kwa nini unakuja?"

"Si mnaniita? Nyengo ipo, nyasi zipo, wewe umesimama unaningoja. Nitalalaje?"

Beata akaanza kulia. "Mimi ndiye niliyekutuma usipa."

"Ulinituma usipa, hukunituma kufa. Zile breki uliacha kuzikagua wewe?"

"Ukiacha kuja nitabaki na nani?"

Florian alimrudishia kikombe. Hakuwa mtu wa kudanganya hata alipokuwa hai.

"Hilo sijui, mdogo wangu," akasema, akarudi kufyeka.

Kesho yake Beata aliamka kengele ya misa haijalia, akaivuta nyengo uvunguni mwenyewe, akaenda nayo shambani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alichagua upande ambao Florian hajaugusa, akafyeka. Wanawake waliokuwa wakipita walisimama.

"Ee Mungu wangu! Beata, siku hizi wewe ni mwanamume?"

"Pitieni huko, shangazi zangu. Mkimaliza kucheka njooni mnisaidie."

Florian alifika mikono mitupu. Alisimama, hakujua aiweke wapi ile mikono. Mwishowe akakaa juu ya jiwe, polepole, akashika magoti.

"Unakata juu mno," akasema. "Teremsha mkono."

Beata akateremsha.

"Mstari wako umepinda."

"Nyamaza wewe!" akasema Beata, na akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Alisimama akingoja aone aibu, na aibu haikuja, akaendelea.

Luisa alipofika na jembe alimkuta mwanawe amekaa. Hakumpa kazi. Alisema tu, "Pumzika, baba," akaweka jembe chini, akainama kupanga nyasi zilizofyekwa. Walipofika mstari wa nne Florian alikuwa hajasema kitu muda mrefu. Beata akageuka. Jiwe lilikuwa tupu. Alilia kwa sauti kubwa, mpaka watu wa ng'ambo wakaacha kazi, na mama yake akamshika mpaka alipotulia. Kisha wakamalizia mstari wa tano kwa sababu jua lilikuwa zuri.

Nyasi za Beata zilikauka kwa siku tatu. Ngoro zilikwenda upande kidogo, bwana shamba akatikisa kichwa, lakini maharage yaliota kijani.

Familia zikapeleka barua tena. Mwakilishi alitazama mlimani, akaona wanawake wawili tu.

"Ushahidi uko wapi sasa?" akauliza. "Machi nilimwona kwa macho yangu, mzima kabisa, anafanya kazi."

Lori likaendelea. Mwishoni mwa Mei, kwenye kona ileile, liliua watu wanne. Mmoja wao alikuwa Ildefonce, mume wa Eunice wa ng'ambo ya kijito. Alhamisi iliyofuata matanga, Beata akiwa kwenye palizi alimwona Ildefonce kwenye kahawa yake, na mkasi wa kupogolea mkononi. Eunice alisimama karibu amebeba kikapu, anatabasamu. Tabasamu lile Beata alilijua vizuri.

Aliweka jembe, akanawa kijitoni, akavuka. Barabarani lori lilikuwa linateremka Mbamba Bay, limejaa watu hadi juu.

"Shikamoo kaka Ildefonce."

"Marahaba," akasema Ildefonce bila kuacha kazi. Sauti yake ilikuwa imechoka.

Beata akamgeukia Eunice. "Dada, kupogoa si kazi ngumu. Nimekuja tujifunze pamoja."

"Bado," akasema Eunice. "Beata, tafadhali. Bado."

"Sawa, dada. Nitakuja kesho."

Kesho yake akaenda.