Mkono wa Kulia wa Msusi

Mtunza maabara wa chuo cha udaktari alikuwa ameshika bongo za watu kwa miaka ishirini na miwili, akizitoa kwenye ndoo za dawa na kuzipanga mezani. Udaktari hakuusomea, lakini wanafunzi walimwita Mwalimu. "Nusu ya kushoto ndiyo inayoamuru mkono wa kulia," alikuwa akiwaambia. "Njia za neva zinapishana hapa chini, kabla hazijaingia uti wa mgongo."

Alhamisi asubuhi mkewe alimimina chai nje ya kikombe, wakacheka. Kisha mume akakumbuka kwamba jana yake mteja alirudi analalamika mistari imekwenda upogo. Na mke huyu alikuwa msusi wa kutajwa mtaa mzima. Akaweka mkate chini.

"Mama watoto, hebu fumba macho. Nyoosha mikono, viganja juu."

"Nitolee balaa! Mimi si maiti wako."

"Nyoosha tu."

Wa kushoto ulitulia. Wa kulia ukaanza kushuka polepole, mwenyewe hana habari.

"Uligonga kichwa lini?"

"Nani kakwambia nimegonga?" Akafikiri. "Labda ile rafu ya saluni. Wiki tatu sasa. Hata damu haikutoka."

Hilo ndilo lililomtia mume baridi: damu isiyotoka nje huenda inavujia ndani. Mke alitaka kumalizia chai, amsuke mteja wa saa tatu. Mume akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akamvuta hadi hospitali.

Daktari wa upasuaji aliwahi kuwa mwanafunzi wake. "Mwalimu, unaona?" alisema, akimwonyesha picha ya kichwa. Akaona: utando wa damu umekaa kati ya fuvu na ubongo, umeikandamiza nusu ya kushoto. "Ubongo wenyewe hauna jeraha, umebanwa tu. Tutatoboa fuvu matundu mawili, tuitoe damu hiyo."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa, na mume akawa hakai hasimami. Alikwenda hadi dirishani, akarudi, akasoma tangazo lilelile la kunawa mikono mara kumi.

"Shemeji, kaa basi, unanitia kizunguzungu," dada wa mkewe alilalamika.

Akakaa, akainuka. Kujua kwake kulimtesa. Alijua kwamba jirani kabisa na sehemu inayoendesha mkono ipo inayotunga maneno. Alikuwa ameipima kwa kidole chake mwenyewe. Bongo zote alizozishika zilikuwa baridi, na hakuna hata mmoja uliowahi kumjua.

Daktari alitoka anavua kofia. "Imetoka yote."

Wodini, mume alitia vidole viwili katika kiganja cha kulia. "Bana." Mke akabana, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu. Akafungua mdomo.

"Naomba kabati."

Mume, dada na daktari walisikia. Mke mwenyewe alisikia, machozi yakamtoka. Mume akamletea maji bila kuuliza, na hayo ndiyo aliyokuwa anayataka.

Daktari alisema maneno yatarudi uvimbe ukipungua, na kweli yalirudi, moja moja. Mkono uliyatangulia: wiki ya nne alimsuka dada yake, mistari imenyooka kama rula. Lakini kila asubuhi mume alimshikia kijiko, ufunguo, kitana: "Hiki nini?"

"Kitana! Na ukiniuliza tena, nitakupiga nacho."

Mume akacheka, akaacha kuuliza. Kumtazama hakuacha.