Zawadi ya Baba wa Ubatizo

Farides hakuomba risiti. Utamwombaje risiti mtu aliyemshika mwanao juu ya maji ya ubatizo? Ni matusi. Ni sawa na kumkaribisha mgeni mezani kisha ukamhesabia vijiko. Tangu siku ile padri alipommwagia maji Keilys, binti wa Farides, mama huyo na Eberto, baba wa ubatizo, waliitana komadre na kompadre, na pale mtaani kwao Soledad hayo si majina ya utani, ni undugu.

Kwa hiyo Keilys alipokaribia kutimiza miaka kumi na tano, Farides alikwenda mjini moja kwa moja mpaka kwenye duka la simu la Eberto, akiwapita wauzaji wote waliomvuta mkono njiani. Pesa alikuwa nazo. Alizidunduliza tangu siku za karnivali kwa kukaanga arepa za yai, zile chapati nene za mahindi, kwenye kona, na mikono yake ilijaa madoa ya mafuta yaliyomrukia.

"Komadre, umefika kwako," Eberto alisema. "Ya mwanangu siitoi hapo kwenye kioo. Ya mwanangu nimeiweka pembeni."

Akainama, akatoa boksi chini ya meza. Karatasi yake ya nailoni ilikuwa imeshachanwa.

"Mbona limefunguliwa?"

"Nimeijaribu mwenyewe. Au ulitaka nimpe binti yangu kitu nisichokijua?"

Alilisema vizuri mno, hata Farides akaona haya kwa kuuliza. Pembeni yao mteja mwingine alikuwa anaandikiwa karatasi ya dhamana, inapigwa mhuri, inakunjwa. Farides aliitupia jicho mara moja tu, na Eberto akaliona jicho hilo.

"Na sisi tuandikiane, komadre?" akauliza huku anacheka.

"Hebu acha ujinga wako," Farides akajibu, akacheka naye. Akatoa pesa zote, Eberto akazihesabu, akazitia mfukoni. Hivyo ndivyo mwanamke mwenye akili zake alivyouziwa mbuzi kwenye gunia, tena akashukuru.

Sherehe ilifanyika uani, chini ya turubai. Katika sherehe ya miaka kumi na tano kila kitu kina mdhamini wake. Huyu ni wa keki, yule wa gauni, yule wa pete, na msemaji huwataja kwenye kipaza sauti ili watu wapige makofi. Baba wa ubatizo hutajwa mwisho, maana zawadi yake ndiyo inayongojewa. Eberto alikuja na shati lililonyooshwa, ananukia marashi, mikono mitupu. Akakaa meza ya mbele, akala wali wa kuku, akaongeza.

Farides alikuwa anamwona kutoka jikoni. Alimwona Keilys pia, jinsi alivyogeuza shingo kila boksi lilipopita. Uso wa mtoto ulikuwa unauliza.

Mwanamke mwingine angemwacha Eberto apate aibu yake. Farides hakuweza, kwa sababu aibu ile ingemwangukia mtoto kwanza. Alikwenda chumbani, akaitoa simu aliyokuwa ameificha kabatini ili aitoe mwenyewe kwa mkono wake, akaifunga kwa karatasi ya maua, akampelekea Eberto kwa nyuma.

"Shika, kompadre. Mpe wewe."

Eberto hata hakubabaika. Alipokea kama mtu aliyepokea koti lake mwenyewe. Msemaji akalitaja jina lake, muziki ukapigwa, na Farides akachukua kipaza sauti. "Asante, kompadre," alisema mbele ya mtaa mzima. "Mungu akuzidishie ulipotoa. Zawadi hii mwanangu hataisahau." Keilys akambusu baba yake wa ubatizo shavuni na mkononi. Watu walipiga makofi, na waliokuwa na simu walipiga video.

Haikuchukua wiki simu ikaanza kuchemka. Keilys akizungumza nayo kidogo tu, anaishika kwa pindo la blauzi. Farides akarudi dukani.

"Komadre, mji huu hata mbwa wanatafuta kivuli," Eberto alisema. "Sasa simu utaipatia wapi baridi?"

"Ya jirani haichemki hivi."

"Ya jirani haichezi video kutwa nzima. Mwambie binti apunguze. Ikizidi sana, itieni kwenye friji kidogo, itapoa."

Ndipo simu ikawa inalazwa kwenye friji, katikati ya barafu za embe ambazo Farides aliwauzia watoto wa shule. Wageni walipofungua na kuiona walicheka, na wenyewe walicheka nao. Walishazoea.

Alasiri moja umeme ulikatika, ukarudi, feni ikaanza kuzunguka, na Keilys akapitiwa na usingizi simu ikiwa kwenye chaji karibu na shavu lake. Farides alikuwa kwenye kona yake ya arepa. Alisikia harufu, akadhani ni mafuta yake yanayoungua, akapunguza moto. Kisha akamsikia mtoto.

Betri ilikuwa imevimba na kupasuka. Keilys aliungua kuanzia shavuni hadi shingoni. Hospitali wakamfunga bandeji, wakasema ngozi ile itahitaji mtaalamu, na kwa muda mrefu, la sivyo uso utavutika upande mmoja. Mtaalamu wa namna hiyo halipwi kwa arepa. Farides akaenda kwenye ofisi ya kutetea wanunuzi.

Afisa aliyempokea aliitwa Marelvis, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. "Kukosa risiti si mwisho wa mambo, mama," alimwambia. "Simu mpya ina dhamana hata kama hukuandikiwa. Mwenye duka akikubali tu kwamba aliiuza, matibabu ya mtoto yatakuwa juu yake."

"Atakubali," Farides alisema. "Ni kompadre wangu."

Marelvis alimtazama kidogo, akaandika tarehe ya kumwita Eberto.

Eberto alikuja na shati lilelile la sherehe. Alimbusu Farides shavuni, akaitazama bandeji ya Keilys, akafanya ishara ya msalaba.

"Simu hii uliiuza wewe?" Marelvis alimuuliza.

"Kuuza? Hapana, bibi afisa. Nilimpa mwanangu zawadi. Binti anatimiza kumi na tano, mimi baba yake wa ubatizo, nimuuzie?"

"Eberto," Farides alisema. "Nilikupa pesa mkononi. Ulizihesabu mbele yangu."

"Komadre ana uchungu," Eberto alisema kwa upole. "Simlaumu hata kidogo." Akatoa simu yake, nzuri, haijui joto, akaiweka mezani na kuibonyeza.

Muziki ukaanza, kisha sauti ya Farides ikajaa ofisi. Asante, kompadre. Mungu akuzidishie ulipotoa. Kwenye kioo Keilys alikuwa anacheka, shavu lake bado zima, anainama kubusu mkono. Farides alijiona amesimama nyuma yao na kipaza sauti, amejaa furaha kama mjinga, akatamani aingie mle ndani ajizibe mdomo.

Marelvis aliiangalia mpaka mwisho. Halafu akamgeukia msichana. "Binti, nani alikupa simu hii?"

Keilys akamtazama mama yake. Farides hakuwahi kumwambia. Angemwambiaje kwamba baba yake wa ubatizo alikuja kula tu?

"Baba yangu wa ubatizo," Keilys alisema. Hakuwa anadanganya.

"Zawadi haina dhamana, mama," Marelvis alisema, na ilionekana inamuuma. "Ukipata mtu aliyeona unalipa, rudi."

Aliyeona ni yule mteja wa karatasi ya dhamana, na Farides hakumjua jina wala sura.

Kwenye korido Eberto aliwafuata, akamshika Farides begani. "Komadre, mambo ya ofisi tuyaache ofisini. Jumapili nitapita kula arepa."

"Pita," Farides alisema, akiuondoa ule mkono. "Utalipa kabla sijatia sufuria motoni, na nitakuandikia risiti."

Nje jua lilikuwa kali. Farides alifungua mwavuli, akamkinga mtoto upande wa bandeji, wakatembea mpaka kwenye duka la dawa.

"Mami, kwa hiyo simu ulinunua wewe?"

"Mimi."

"Na yeye alileta nini?"

Farides alitafuta uongo mwingine. Haukuwa mbali, alishazoea kumfichia yule mwanaume. Lakini alichoka. "Hakuleta kitu, mwanangu. Alikuja kula."

Keilys alisimama. Alipeleka vidole kwenye bandeji, akavirudisha bila kuigusa.

"Na mimi nikambusu mkono mbele ya watu wote," alisema. "Kwa sababu yako."

Farides aliuinamisha mwavuli zaidi upande wa mtoto, jua likampiga yeye, wakaendelea na safari ya nyumbani.