Mwizi wa Mto wa Tisa

Kuna watu wakipenda kitu hukipenda mpaka wanakuwa kero, na Karani alikuwa mmoja wao. Kwa kazi alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa alishinda chumba cha nyuma cha kliniki, plasta mpaka viwikoni, akichonga magego ya watu asiowajua. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, habari za meno hakuambii. Atakuambia yeye ni Karani wa Nchi ya Mito Tisa, na hapo vuta kiti kabisa, maana leo hutoki.

Nchi yenyewe haipo. Ni ya kitabu, na kitabu ni cha mchezo. Mnakaa mezani watu watano au sita, huyu anajifanya mpiga upinde, yule mganga, yule jambazi aliyetubu. Mmoja anasimulia yanayowapata, na dadu zinaamua nani apone. Kitabu kinaeleza kila kitu cha nchi hiyo, wafalme wake, vita vyake, mpaka namna ya kumsalimia mvushaji kabla hujapanda mtumbwi wake. Ndani yake kuna ramani kubwa ya kukunjwa, na ramani hiyo ndiyo iliyoleta mgogoro. Kitabu kinasema mito tisa. Jina la nchi linasema tisa. Ukiihesabu kwenye ramani, ni minane.

Mtu mwenye shughuli zake angesema wamekosea, akafunga kitabu, akaenda kufua. Wapi! Kundi la wapenzi wa kitabu, watu mia tatu na ushee kwenye simu zao, lilikuwa limebishana juu ya mto huo miaka kumi na mmoja. Wengine waliapa kwamba unapita chini ya ardhi. Wengine walisema ni machozi ya malkia, na hao walichekwa mpaka wakaomba yaishe. Aliyewanyamazisha wote ni Karani, aliyeandika kurasa arobaini kuthibitisha kwamba mto uliibwa. Aliokota sentensi hii hapa na ile kule, akaziunga, akamzaa Mwizi wa Mto, mtumishi aliyeaminiwa na mfalme kuliko wote. Kundi lilimpokea Mwizi huyo kwa chuki kubwa, likamtungia na laana: akose maji siku ya kiu yake. Watu waliumalizia ujumbe wao kwa laana hiyo kama wengine wanavyomalizia kwa salamu.

Karani alikuwa na jambo moja la kujivunia ambalo hakuna mwingine kundini aliyekuwa nalo. Kitabu kilipochapwa mara ya kwanza, miaka ishirini na mitano nyuma, aliyekata karatasi zake ni baba yake mzazi. Mzee alikuwa mkataji wa kiwanda cha uchapaji, na siku maboksi yalipofungwa alimletea bintiye nakala moja. Binti alikuwa na miaka kumi na minne, akakimeza kitabu na hajakitapika mpaka leo. Ukutani sebuleni bado kilining'inia cheti cha Mzee, chenye kioo na fremu ya mbao, kilichosema mkono wake haukosei. Karani alikipiga picha, akaituma kundini, na watu mia mbili wakampigia makofi.

Kuna mmoja tu aliyewahi kumkera kweli. Alijiita Wino Mkavu, hakuwahi kuweka picha, na kila mwaka aliandika sentensi ileile: mto wa tisa ulichorwa, mimi ndiye niliyeuchora. Hakubishana wala hakueleza. Kundi lilimuita kichaa, halafu likamzoea, na ikafika mahali watu wanangoja mwaka ugeuke ili wamcheke tena. Mwaka uliopita Karani alichoka. Alimwambia mbele ya wote kwamba mchora ramani alishajulikana kuwa mzembe, ndiyo maana jina lake liliondolewa toleo la pili, na kwamba kujipa jina la mzembe ili upate sifa ni ugonjwa. Kisha akamtoa kundini. Makofi yalipigwa siku hiyo pia.

Basi, mwaka huu mchapishaji akaamua kutoa toleo la miaka ishirini na mitano. Mhariri alimpigia Karani mwenyewe. Zile kurasa arobaini zingeingia kitabuni, si kama maoni ya mpenzi fulani, bali kama historia halali ya Nchi ya Mito Tisa, na jina lake halisi juu yake. Karani alilia palepale kliniki, akadondosha taya zima la mtu, ikabidi alianze upya. Ijumaa nakala ya kusahihishwa ikafika. Ilitakiwa aiwekee sahihi na kuirudisha kabla ya saa kumi Jumamosi alasiri, mashine zianze.

Jumamosi mchana aliitandaza mezani sebuleni, na pembeni akafungua ramani yake ya kwanza, ile aliyoletewa na baba. Mzee alikuwa kwenye kiti chake anakunywa chai. Hajawahi kuuliza habari za mchezo ule. Kila Karani alipouanza, mzee alikumbuka dawa zake, au kulikuwa na mtu wa kwenda kumjulia hali, na Karani alidhani anaona ni utoto. Leo alimshika mkono akamleta mezani. Alitaka asome kurasa mbili tu, ule wa Mwizi na ule wa mbele kabisa, aliomwandikia yeye: kwa baba yangu, aliyekikata kitabu hiki kwa mkono usiokosea.

Mzee alivaa miwani. Ukurasa wa mbele aliusoma haraka. Ule wa Mwizi aliusoma polepole, kidole kikifuata mistari, na kidole kilipofika chini, kwenye tanbihi isemayo kwamba mchora ramani aliuacha mto wa tisa kwa uzembe, kikasimama. Karani alingoja asifiwe. Baba yake alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akapasoma tena palepale.

"Haya mmeyaandika lini?" akauliza.

Karani akamwambia ni miaka, Baba, watu wote wanayajua. Akamweleza habari ya mito minane, kurasa arobaini, laana, na yule kichaa aliyemfukuza. Alieleza kwa furaha, maskini, kama mtoto anayesimulia filamu, mpaka alipoona rangi ya uso wa mzee. Akaogopa ni moyo. Akasema akae, akae kwanza, amletee maji.

Mzee hakukaa. Alikwenda ukutani, akakitungua cheti, akakilaza kifudifudi juu ya meza. Kwa kucha akavikunja vimisumari vya nyuma kimoja kimoja, akatoa kadibodi. Nyuma ya cheti kulikuwa na ukanda wa karatasi, mrefu kama ramani ilivyo ndefu, mwembamba, upana wa vidole viwili. Aliushika kwa ncha za vidole na kuuweka ubavuni mwa ramani ya binti yake, upande wa mashariki, akausogeza mpaka ukagota.

Milima iliyokatikia ukingoni ikaendelea. Barabara iliyoishia hewani ikafika kijijini. Na kutoka juu mpaka chini, ukijipinda kama uzi uliolegea, ukapita mto.

Karani aliinamia meza. Alihesabu, Mungu wangu, mtu mzima na akili zake, alihesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea, moja, mbili, mpaka tisa. Akahesabu tena.

Mzee alimwambia yote akiwa amesimama. Ramani ile haikuwa na fremu, nchi iliishia kwenye ukingo wa karatasi. Siku moja kabla ya kuikata walikuwa wamekata kalenda, na asubuhi ile hakukirudisha kipimo cha mashine mahali pake. Akakanyaga pedali, kisu kikashuka, rundo baada ya rundo, zote. Ndipo akaokota ukanda mmoja sakafuni na kuona rangi ya maji. Nyingine alizifagia mwenyewe kabla wenzake hawajarudi kutoka kunywa chai. Kitabu kilipotoka, mwanamke aliyechora akaja kiwandani analia, anasema mto wake hauonekani. Mchoro wake wa awali ulikuwa umepotea mikononi mwa mchapishaji, hana ushahidi. Meneja akamuita mkataji mbele ya yule mama, akamuuliza kama kuna kilichokosewa. Mkataji akasema hakuna. Wakamwamini, nani asingemwamini? Cheti kilikuja miezi minne baadaye.

"Kwa nini, Baba?"

"Niliogopa," mzee akasema. "Kesho yake nikaogopa zaidi. Halafu wewe ukakipenda kile kitabu."

Karani alikasirika, tuseme ukweli. Miaka kumi na mmoja ametafuta mto kwenye sentensi, ameunga na kuungua, na mto uko sebuleni kwake, nyuma ya kioo alichokipangusa vumbi kila Jumapili! Watu mia tatu wenye kujua majina ya farasi wa mfalme, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kumuuliza aliyeshika kisu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, waliosema hawakukosea. Halafu hasira ikapata njia nyingine, ikamrudia mwenyewe. Baba yake alisema uongo mara moja, kwa hofu. Yeye alimsimamisha yule mama mbele ya watu mia tatu, akamuita mgonjwa, na akapokea makofi.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Kalamu ilikuwa pale juu ya nakala. Angeweka sahihi, nani angejua? Ukanda ungerudi nyuma ya cheti, jina lake lingekuwa kitabuni, na mzee angekufa na sifa zake. Alimtazama baba yake, naye mzee akaelewa kinachofikiriwa, akasukuma ukanda upande wa binti kwa kidole kimoja.

"Usinifichie," akasema.

Karani alimpigia mhariri. Alimwambia sura yake isichapwe, akamtumia picha ya ramani na ukanda wake. Mhariri akasema wanaweza kungoja wiki moja kwa ajili ya ramani, lakini kurasa arobaini hazina tena pa kukaa. Karani akasema anajua. Ilimuuma kama jino linalong'olewa bila ganzi, na ganzi yeye anaijua.

Kisha akatafuta namba ya Wino Mkavu. Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Mwisho akatuma picha, na chini yake maneno machache: yeye ni Karani, baba yake ndiye aliyekata, yeye ndiye aliyemfukuza, wanaomba radhi wote wawili. Wakakaa. Chai ya mzee ilishapoa na hakuna aliyeigusa.

Jibu lilikuja baada ya robo saa. Halikuwa na tusi wala salamu. Liliuliza: "Mtumbwi upo?"

Karani hakuelewa. Aliinamia ukanda, hakuona kitu, akakimbilia mkoba wake wa kazini kutoa ile lenzi anayotazamia nyufa za meno. Akaufuata mto kutoka milimani kwenda chini. Karibu na mwisho, mahali kisu kilipokaribia kupita, kulikuwa na mtumbwi usiozidi punje ya mchele, na ndani yake mwanamke amekaa, ameshika kalamu badala ya kasia. Kwenye ubavu wa mtumbwi, kwa herufi za kufinyia jicho, palikuwa na jina lake lote. Hapo ndipo mahali pekee katika kitabu kizima alipokuwa ametia sahihi.

Alimpa mzee lenzi. Mzee alitazama muda mrefu, mgongo umeinama kama anavyoinama mkataji kupima ukingo. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa na hakujisumbua kuufuta. Alisema tu yule mama aulizwe anakaa wapi, kwamba atakwenda yeye mwenyewe, na ukanda atamkabidhi mkononi.

Karani akaandika kwamba mtumbwi upo, na jina lipo. Jibu safari hii lilikuja mara moja, naye akamsomea baba yake kwa sauti.

"Basi sikuwa kichaa."

Mzee akamwomba arudie. Akarudia.