Droo Mbili za Vipepeo

Mtaalamu mpya wa wadudu katika makumbusho yetu, binti mdogo, alizivuta droo mbili, akaziweka mezani sako kwa bako. Moja ilijaa vipepeo wa buluu, nyingine wa kahawia wenye madoa meupe. Marehemu mume wangu aliwatunza humo miaka kumi na tisa, kila mmoja na pini yake na lebo ya mwandiko wake mdogo ulioinamia kushoto.

"Mama, hawa ni aina moja," alisema binti yule kwa upole. "Wa buluu ni madume, wa kahawia ni majike. Itabidi tuwaweke droo moja, lebo za mzee tuzitoe."

Mume wangu hakuwa msomi. Alikuwa fundi wa makumbusho, kama mimi. Wa buluu aliwanasa mtoni, wakinywa maji kwenye mchanga. Wa kahawia aliwanasa msituni, kivulini. Kwa kuwa hakuwahi kuwaona pamoja, aliamini wa kahawia ni aina mpya aliyoigundua yeye.

"Sasa na mimi nina wangu duniani," aliniambia, maana hatukujaliwa mtoto. "Na wewe usione wivu, bibie!"

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

"Miaka yote hiyo hakuwaona wamepandana hata mara moja?" binti aliuliza. "Alikuwa haangalii?"

Nikinyamaza, mume wangu angebaki mzembe midomoni mwa watu.

"Mimi niliwaona," nilisema. "Nilikuwa nimempelekea chai msituni. Walikuwa wameshikana juu ya jani, wa buluu na wa kahawia. Yeye alikuwa amenipa mgongo, anapiga mluzi. Nikatikisa tawi, wakaruka."

"Ukamficha?"

"Nikamficha. Andika hivyo kwenye daftari lenu. Mkewe alijua."

Alishika kalamu, lakini hakuandika. Alinisogezea kibanio cha kushikia pini, akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Nikaanza kung'oa pini za wa kahawia, moja baada ya nyingine, nikishusha pumzi kidogo kidogo ili mabawa yasivunjike. Kila jike nilimweka ubavuni mwa dume. Lebo nilizitia mfukoni. Kazi ile ilinichukua mchana kutwa, na hapakuwa na wa kunipokea hata kibanio.

Madume hawakutosha. Mstari wa mwisho niliwapanga majike peke yao, na kando ya kila mmoja nikaacha nafasi.