Njia Iliyoitwa Marietha

Jumatatu asubuhi Scholastica alifungua ofisi ya shamba la chai, akawasha kompyuta, akakagua njia za mtandao kabla ya kunywa chai. Kompyuta hiyo, yenye mfumo wa Linux, ndiyo iliyogawa mtandao wa shamba zima. Njia zilikuwa mbili: kebo kutoka Lushoto mjini, yenye kasi, na modemu ya laini ya simu, ambayo ukungu ukishuka huzubaa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kwa amri ya meneja, Bwana Alphonce, kebo ilikuwa ya ofisi na ya nyumba yake. Zahanati ya shamba ilipewa modemu. Ndiyo maana Marietha, mchuma chai, alifariki kwa uchungu wa kuzaa huku ombi la gari la wagonjwa likisubiri zamu. Scholastica ndiye aliyeandika mpangilio huo. Alilia siku ya mazishi, kisha machozi yakamwishia.

Asubuhi hiyo orodha ilionyesha njia tatu. Ya tatu iliitwa marietha. Kwenye Linux kila njia ina namba, na yenye namba ndogo ndiyo hutangulia; yake ilikuwa sifuri. Scholastica akageuka. Marietha alikuwa amesimama mlangoni, tenga mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni, miguu ina udongo mwekundu.

"Efrazia anakaribia kujifungua," alisema. Efrazia ni mdogo wake wa tumbo moja. "Nipe ujumbe wa zahanati."

"Haya, dada," Scholastica akasema, akaandika amri.

Tangu hapo ujumbe wa zahanati ulisafiri tengani. Marietha alipita kwanza kwenye mizani, kama mchumaji yeyote. Karani alipima, akaandika sifuri, akamruhusu. Majibu ya hospitali yalirudi kabla muuguzi hajaweka simu mezani. Mtoto mmoja wa degedege akawahishwa hospitali.

Jumamosi Bwana Alphonce aliingia ofisini. Nyumbani kwake mpira aliokuwa akiutazama mtandaoni ulikuwa unakwamakwama.

"Shikamoo, bosi," Marietha akamwamkia.

"Marahaba." Hakumtazama. "Schola, hii njia mpya ni ya nani?"

"Ni Marietha, bosi."

"Si alikuwa wa shamba? Basi niwekee mimi. Zahanati warudi kwenye modemu, wameshaizoea."

Scholastica alijua kwamba Efrazia alikuwa zahanati tangu alfajiri. Aliandika amri bila kukosea herufi.

Marietha akateremka mjini, akarudi na mpira wa meneja tengani. Ukungu ulikuwa umeshuka. Kwenye dirisha la zahanati alimsikia mdogo wake akimwita mama yao, akasimama. Muuguzi alishika simu, ombi la gari bado halijatoka. Marietha akanyoosha mkono dirishani kulichukua, lakini halikumfuata. Halikuwa limepangiwa kwake.

Akaweka sawa mkanda wa tenga, akaendelea kupanda. Nyumbani kwa meneja mechi ilichezwa hadi mwisho bila kukwama.