Jaketi la Kukulia

Kapteni hakuwahi kuendesha boti hata siku moja maishani mwake, lakini kofia alikuwa ameshanunua. Kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu mbele, na tangu aivae asubuhi ile hakuitikia jina jingine. Aliingia dukani akitanguliza tumbo, mkewe nyuma yake, binti yao Chiriku akirukaruka ubavuni. Wa mwisho kabisa alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ambaye watu wote walimwita Mama Njiti. Huyo alisimama mlangoni kidogo, akavuta pumzi, ndipo akaingia.

Mama Njiti hakuwa na hamu na maduka ya vifaa vya boti. Harufu ya mpira mpya na kamba za nailoni ilimrudisha kwenye siku aliyokuwa akiikimbia kwa miaka mitatu. Lakini mdogo wake alipompigia simu kusema kwamba mumewe amenunua boti ya starehe, ya kutembelea ziwani mwisho wa wiki, yenye viti laini na mwavuli, alimjibu neno moja tu: "Nitakuja kuchagua." Wanaume wachague viti na miavuli. Kitakachovaliwa na mtoto atakichagua yeye, na kila klipu ataifunga na kuifungua kwa mkono wake mwenyewe mpaka vidole viote sugu.

Kwa sababu klipu ndiyo iliyomuua mwanawe. Yeye alijua hivyo, na ukoo mzima ulijua hivyo. Wimbi la boti kubwa iliyopita kasi liliwapindua baba na mtoto, baba akaibuka, jaketi la kuelea la mtoto likaibuka, mtoto hakuibuka. Mama Njiti alipofika ukingoni mbio, kanga mkononi, alimkuta mumewe amekaa kwenye matope, jaketi tupu mapajani, klipu zote ziko wazi. Akasema, "Sikumfunga. Nilisahau."

Maneno hayo mawili yaliivunja nyumba. Kaka zake Mama Njiti walimwita shemeji yao kikao, wakamsema kama mtoto aliyevunja chungu, naye akainamisha kichwa, hakujitetea. Hilo ndilo lililomkata maini mkewe kuliko yote, kwamba hakujitetea. Angesema basi hata uongo. Angesema klipu ilikuwa mbovu. Alinyamaza, akaendelea kwenda kazini na kurudi, na wao wawili wakaishi kama wapangaji waliogawana jiko. Chumvi iliombwa, umeme wa luku ukiisha ilisemwa, basi. Kwenye gari mama alikaa kiti cha nyuma kama abiria wa teksi.

Na leo ndoa ilikuwa imefika mwisho. Mdogo wake alikuwa amemwandalia chumba kwake, kimepakwa rangi na kutiwa pazia jipya. Sanduku lake lilikuwa kwenye buti ya gari la mumewe, nje, ng'ambo ya barabara. Mumewe mwenyewe ndiye aliyelishusha ngazi, akalipakia, akaendesha mpaka pale bila kuuliza swali. Baada ya manunuzi lingehamia kwenye gari la Kapteni, na Mama Njiti angehamia nalo. Baba Njiti hakuingia dukani. Alisema atasubiri, akabaki nyuma ya usukani, kioo kimeteremshwa.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene wa sauti ndogo, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alimsikiliza Kapteni kwa subira ya mtu aliyekwisha kuona kofia nyingi za aina ile.

"Kwanza nataka spika," Kapteni alisema. "Kubwa. Watu wa ng'ambo wajue tumefika."

"Spika ipo, baba. Ila haielei. Tuanze na vinavyoelea."

Akaanza kumpangia juu ya meza. Boya la kumrushia mtu aliyeanguka, na kamba yake. Kafi mbili, kwa siku ambayo injini itagoma. Pampu ya mkono ya kutolea maji. Mtungi mdogo wa kuzimia moto. Filimbi, ambayo Chiriku aliipuliza hapo hapo mpaka wote wakaziba masikio. Kisha waya mwekundu uliojizungusha kama wa simu za zamani, wenye kikuku mwisho wake.

"Hii unaivaa mkononi, huku unachomeka kwenye injini. Ukianguka, inachomoka, injini inazima. Bila hivyo boti inakuacha, au inarudi kukupitia juu."

Kapteni aliuvaa mkononi akautazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na mzaha.

"Sasa majaketi," alisema Mama Njiti.

Alijikaza kisabuni, akaenda kwenye ukuta yalikotundikwa. Alichukua la kwanza, akafunga klipu, akavuta, akafungua. Akachukua la pili. Ta, ta, ta. Aliyekuwa akimwangalia angedhani ni fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi wake. Mdogo wake, aliyejua anachokitafuta, alitazama pembeni, machozi yakimlenga.

Chiriku alivalishwa la rangi ya chungwa, la watoto, lenye kishikio nyuma ya shingo na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Lilimkaa barabara. Akazunguka mara mbili kama bibi harusi.

"Linambana," mama yake alisema, japo halikumbana. "Huyu mtoto anakua kama magugu. Mwaka kesho tutanunua jingine? Dada, si tuchukue lile kubwa kidogo, akulie humo?"

"Ndiyo," Mama Njiti alijibu palepale. "Chukueni hilo kubwa. Mradi klipu ni nzima."

Hata hakufikiri. Ni jibu ambalo mama yeyote angelitoa kwa sare, kwa viatu, kwa sweta. Na yeye alilitoa kuliko mama yeyote, kwa kuwa mwanawe alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama kiganja, ndiyo maana wauguzi wakamwita Njiti na jina likamganda. Madaktari walisema huenda asikue sana. Mama akawajibu kwa kununua. Viatu vya Njiti vilijazwa karatasi mbele, kaptula zake zilikunjwa mara mbili kiunoni, na kila kilichomzidi kilikuwa ni tegemeo kwamba siku moja kitamtosha. Kumnunulia cha saizi yake kungekuwa kukubali kwamba ndiyo basi, hapo ndipo atakapoishia. Hata jaketi la boti, siku walipokwenda kununua wote watatu, baba alishika la watoto na yeye akalirudisha ukutani. "Atakua," alimwambia mumewe. "Mbona huna imani na mwanao?" Mumewe akacheka, akalipia kubwa.

"Mama, hii si sare ya shule," mwenye duka alisema kwa ile sauti yake ndogo. Alisema kwa upole, wala hakuwa akimsema mtu. "Ngoja niwaonyeshe. Njoo, mrembo."

Akamvua Chiriku lile la chungwa, akamvalisha kubwa. Halikuwa na mkanda wa katikati ya miguu. Akafunga klipu zote, akavuta mikanda mpaka mwisho, ncha zake zikaning'inia kama mikia.

"Limefungwa au halijafungwa?"

"Limefungwa," Kapteni alisema.

"Watu wakiona mikanda imezidi hivi huipiga mafundo hapa, wakidhani ndiyo imekaza. Inua mikono juu, mwanangu. Jifanye uko majini."

Chiriku akainua mikono. Mwenye duka akalishika jaketi mabegani, akalivuta juu, kwa nguvu kidogo tu. Likapanda. Likapita kidevu, likapita masikio, likatoka. Akabaki amelishika hewani, tupu, klipu zote zimefungwa, na Chiriku chini yake akicheka nywele zimevurugika.

"Maji ndivyo yanavyofanya," alisema. "Hayafungui klipu. Yanavua tu."

Mama Njiti aliweka mkono mezani, juu ya kamba za nanga. Mwenye duka alikuwa akiendelea kueleza habari ya uzito na kifua, lakini mawazo yake yalikuwa nyumbani, juu ya kabati la chumbani, kwenye mfuko wa plastiki. Humo lilikuwamo jaketi la Njiti. Alikwisha kulishika mara nyingi, akalinusa, akalilaza mapajani. Ncha za mikanda yake zilipigwa mafundo, magumu kiasi kwamba kucha zake ziliwahi kuvunjika akijaribu kuyafungua. Alidhani ni maji yaliyoyakaza. Kumbe ni mikono. Na hakuna mtu anayepiga fundo kwenye mkanda ambao hakuufunga.

"Dada? Dada, kaa kwanza," mdogo wake alikuwa akisema. "Nyie, mleteeni maji."

"Mchukulieni hilo la chungwa," alisema Mama Njiti, akatoka.

Barabara aliivuka sijui vipi. Dereva mmoja alimpigia honi, hakusikia. Alifungua mlango wa nyuma kama kawaida yake, akakaa, akakitazama kisogo cha mumewe. Nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi pale shingoni, naye hakuwa na habari zimeanza lini. Akajiambia huenda amekosea. Huenda hata mumewe hajui. Huenda kweli alisahau.

Chiriku alikuja mbio na lile jaketi la chungwa mwilini, mama yake akimfuata, Kapteni naye nyuma yao, waya mwekundu bado mkononi, akimwahidi mwenye duka kwamba anarudi kulipa.

"Baba mkubwa! Baba mkubwa, niangalie. Nimependeza?"

Baba Njiti akashuka garini. Akachuchumaa mbele ya mtoto, pale pale kwenye vumbi la kando ya barabara. Hakumjibu kama amependeza. Akagusa klipu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapitisha kidole chini ya mkanda.

"Inua mikono," alisema.

Chiriku akainua. Baba Njiti akalishika jaketi mabegani, mikono yote miwili, akavuta juu. Jaketi halikusogea. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, mpaka visigino vya mtoto vikaacha ardhi. Halikusogea. Ndipo akamwachia, akampapasa kichwa, akabaki amechuchumaa vile vile kana kwamba amesahau namna ya kusimama.

Mama Njiti aliyaona yote kupitia kioo. Mtu huyu hakuwa ameingia dukani. Hakuna aliyemwonyesha kitu leo.

Akashuka.

"Ulimfunga," alisema.

Mumewe hakugeuka. "Nilisahau."

"Ulimfunga, ukapiga na mafundo. Halafu ukazifungua klipu kabla sijafika."

"Nilisahau, mama. Mbona tulishayazungumza."

"Mimi ndiye niliyelirudisha lile dogo ukutani."

Alipolisema neno hilo kwa sauti, alihisi kama limemtoka na kipande cha mwili. Mdogo wake alisimama, mkono mdomoni. Kapteni akavua kofia.

Baba Njiti aliinuka taratibu, akajifuta vumbi magotini, akamgeukia shemeji yake. Alisema kwa utulivu, kama alivyosema mbele ya wale kaka, kama alivyosema miaka yote mitatu: "Msimsikilize, amechoka. Mimi ndiye sikumfunga."

"Nyamaza," mkewe akamwambia. "Nyamaza, baba watu. Miaka mitatu nimekupa kisogo. Wamekutukana ndugu zangu, nami nimekaa nasikiliza, naona ni haki yako. Kwa nini? Kwa nini usiniambie?"

Mumewe alitazama chini, kwenye viatu vyake.

"Ulikuwa na mtoto wa kumlilia," alisema. "Nilitaka umlilie yeye tu. Kusiwe na kingine."

Hapo Mama Njiti alimlilia. Hakulia kwa kujizuia kama alivyozoea, mlango umefungwa na bomba la maji limefunguliwa. Alilia kwa sauti, amesimama barabarani, akimtaja mwanawe kwa jina lake la ubatizo na kwa lile la wauguzi, akimwomba radhi kwa viatu, kwa kaptula, kwa kila kitu alichomnunulia akulie ambacho hakukifikia. Mumewe alimshika mabegani. Mara ya mwisho kumgusa hakuikumbuka, na mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa.

Mdogo wake alisogea kwenye buti, akaliangalia sanduku, akamwangalia dada yake.

"Dada, tulihamishe?"

Mama Njiti alitikisa kichwa. Hakuwa amesamehewa, hakuna wa kumsamehe aliyebaki, na hilo alijua atalala nalo na kuamka nalo. Lakini kwenda kulala kwenye chumba kilichotiwa pazia jipya, amwache mtu huyu peke yake na mzigo aliombebea, hakuweza.

Akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele sana, magoti yakagonga kabati dogo la gari, kwa sababu mtu wa mwisho kukikalia alikuwa na miguu mifupi. Mumewe alinyoosha mkono kukirudisha nyuma.

"Kiache," alisema.

Baba Njiti akaingia upande wake, akafunga mlango. Hakuwasha gari. Walikaa pale, mchana kweupe, mbele ya duka la vifaa vya boti, wakamlilia mtoto wao pamoja.